Itaingia, Mpendwa

Imekuwa ada siku hizi, kila wanapokutana mafundi wawili watatu penye kivuli, iwe ni hapa Mikindani chini ya kuta za matumbawe au kule Mtwara mjini penye maduka ya vifaa vya ujenzi, kusikia rai moja ikitamkwa kwa yakini kubwa hata mtu akadhani haina mjibu: kwamba biashara ya zana za kazi imekombolewa na simu, na kwamba si neno kama anayejibu upande wa pili hajui tofauti ya randa na patasi, maadamu anajibu upesi na kwa adabu. Nimeisikia kwa waashi, nimeisikia kwa maseremala, nimeisikia hata kwa mabwana waliosoma ambao hawajapata kushika nyundo ila kwa kutundika picha. Na kwa kuwa kila aliyeisema aliitikiwa na wote waliomsikiliza, nimeona haifai kuiacha ipite bila ya kuulizwa habari zake.

Insafu yataka kwanza niieleze kama wenyewe wanavyoieleza, tena kwa nguvu zake zote. Wasema hivi: zamani fundi wa Mikindani aliyetaka keekee au msumeno alikuwa mateka wa duka moja au mawili, alisimama mbele ya meza akangoja wenye fedha nyingi wahudumiwe, akaonyeshwa kilichopo badala ya alichokitaka, akatajiwa bei iliyopimwa kwa uso wake, na akithubutu kuuliza swali la pili aliambiwa anunue au awapishe wengine. Leo fundi huyo huyo, akiwa ameketi juu ya boriti, hufungua WhatsApp au Instagram, akaziona grenda ishirini za rangi ishirini, akauliza, akajibiwa kabla chai yake haijapoa, tena kwa maneno matamu, kisha mzigo ukapakiwa kwenye basi Dar es Salaam na kesho yake ukateremshwa stendi. Kama anayejibu si mjuzi wa zana, wasema, dhara iko wapi? Fundi ndiye mjuzi. Kazi ya muuzaji ni kuuza. Maelezo yote yameandikwa ubavuni mwa boksi, kisichofaa hurudishwa, na kumweka mjuzi nyuma ya kila simu kungepandisha bei hata mnyonge asiweze kununua. Fauka ya hayo, wanamalizia, mashine yenye akili i njiani, nayo itajibu kila kitu.

Rai hii ina sura nzuri, wala sikatai kwamba duka la zamani lilikuwa na jeuri yake. Lakini imesimama juu ya ghururi moja, nayo ni kudhani kwamba zana yaweza kutengwa na ujuzi wake, zana ikauzwa na ujuzi ukaachwa ghalani, na asiwepo mtu wa kupata hasara. Hasara ipo, imehamishwa tu kutoka kwenye daftari la mwenye duka, ambako ingeonekana, ikapelekwa kwenye karakana ya fundi, ambako hakuna anayeiandika.

Hoja ya kwanza: kwamba jibu la haraka ndiyo huduma

Kijana mmoja mchomeleaji wa huku kwetu alinionyesha mazungumzo yake na duka moja linalouza kwa simu. Alikuwa na grenda ndogo, ile ya inchi nne na nusu, na kazi ya kukata vyuma vinene vya geti, na diski zake ndogo zilikuwa zikimalizika upesi. Akaandika kwa heshima: "Habari dada. Samahani, diski ya inchi tisa itaingia kwenye grenda ya nne na nusu?" Jibu lilifika dakika ile ile: "Itaingia mpendwa, tukuwekee ngapi?" na nyuma yake ua jekundu na viganja viwili vilivyounganishwa.

Linalotisha katika jibu hilo ni kwamba ni la kweli. Diski ya inchi nne na nusu na ile ya inchi tisa aghalabu zina tundu moja, la milimita 22.23, na kinga ya grenda ikishavuliwa hakuna kitakachoizuia diski kubwa isikae wala nati isikaze. Itaingia, bila shaka. Lakini grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ilhali diski kubwa imeandikwa usoni mwake kwamba isizungushwe zaidi ya mara 6,600 hivi, kwa maana ukingo wake umeundwa usipite mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Ifungie kwenye grenda ndogo, na ukingo ule utakimbia mita 132 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 470 kwa saa. Na kani inayotaka kuipasua, kwa kuwa hukua kwa mraba wa mwendo, itakaribia mara tatu ya kikomo chake. Diski ikipasuka kwa mwendo huo hakuna mtu awezaye kuikwepa, na kinga ambayo ingalimsitiri fundi ndiyo ile aliyoivua ili diski ipate kuingia.

Simlaumu binti aliyejibu. Asubuhi ameuza wigi, adhuhuri ameuza masufuria, na mchana amekabidhiwa picha za grenda ambazo hajapata kuziona zikiwaka. Ameajiriwa kwa wepesi wa vidole vyake na upole wa maneno yake, na kwa vipimo hivyo viwili ametimiza wajibu wake bila ya taksiri. Namlaumu aliyemweka mbele ya swali ambalo jibu lake baya laweza kumtoa mtu jicho, kisha akampima kwa dakika. Tena nawalaumu wanaoisifu haraka hiyo pasipo kuuliza imepatikanaje. Tangu mwezi Januari 2018, ilipotolewa WhatsApp ya biashara, muuzaji yeyote aweza kuhifadhi majibu tayari yanayotumwa kwa kugusa mara moja, na salamu zinazojituma zenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huo wepesi unaoshangiliwa ni majibu yaliyoandikwa kabla ya maswali. Yule mwenye duka wa zamani, pamoja na ukali wake wote, alikuwa na jibu moja ambalo sijaliona likihifadhiwa katika simu hizi: "Sijui, ngoja aje mzee." Jibu hilo lilikuwa linachelewesha, ndiyo, na aliyelisikia akinung'unika aliondoka na vidole vyake kumi.

Hoja ya pili: kwamba fundi ndiye mjuzi, hahitaji mwalimu

Hii ndiyo hoja inayopendwa kuliko zote, kwa sababu inamsifu fundi huku ikimnyang'anya haki yake. Angalieni inavyojipinga: kama fundi anajua kila kitu, maduka haya yanamweka nani wa kujibu maswali, na maswali hayo yanatoka kwa nani? Hakuna auliziaye analolijua. Akiuliza, ajibiwe na ajuaye. Na kama hakuna ajuaye, basi pasiwekwe mtu wa kuigiza kujua.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, nalo ndilo linalonichukiza. Ujuzi wa fundi wetu wa pwani, mathalan huyu anayejenga mashua na ngalawa ufukweni, haukai kichwani peke yake. Uko mikononi, puani na masikioni. Dukani alikuwa akiukunja ubapa wa msumeno na kuuachia, aone kama umerudi ukanyoka. Akiubisha kwa ukucha na kusikiliza mlio. Akiinua randa usawa wa jicho na kutazama kitako chake dhidi ya mwanga wa mlango. Akiigonga tezo kwa funguo, na kuipima uzito kwa kuitupa hewani kidogo na kuidaka. Hayo yote yalikuwa ni maswali, na zana yenyewe ndiyo iliyojibu. Simu imemnyima fundi maswali hayo yote, ikamwachia picha, tena picha ambayo mara nyingi si ya bidhaa iliyopo ghalani bali ya tangazo la mtengenezaji. Kwa hiyo katika muamala huu fundi amevuliwa ujuzi wake mlangoni, na ndani hakukuwa na mwingine wa kumpa badala yake, kisha akaambiwa asiwe na shaka kwa kuwa mjuzi ni yeye.

Chukueni misumari. Mjenzi wa mashua anahitaji misumari iliyochovywa katika zinki ya moto, yenye koti nene, la kijivu lisilong'aa, lenye mikwaruzo na matone hapa na pale. Hiyo ndiyo inayostahimili maji ya chumvi. Iko misumari mingine iliyopakwa zinki kwa umeme, yenye utando mwembamba kabisa, unaomeremeta kama fedha, mizuri kwa kabati la ndani na haikawii kushika kutu ikigusana na bahari. Sasa ziwekeni aina zote mbili katika picha ya simu. Ile mibovu kwa kazi yake ndiyo inayopendeza, na ile inayofaa inaonekana kama imekaa ghalani miaka kumi. Muulizeni anayejibu ni ipi iliyo ya mabati. Atasema zote, naye hatakuwa amesema uongo, maana zote zina zinki. Muulizeni ipi ni bora. Atawaambia ile inayong'aa, kwa kuwa macho yake ndiyo kipimo pekee alichopewa. Mashua itateremshwa majini kwa furaha na vigelegele, na msumari utaanza kuliwa ndani ya mbao, mahali ambapo hapaonekani mpaka ubao wa ubavu utakapolegea kwenye mataruma wakati watu wamo ndani.

Hoja ya tatu: kwamba maelezo yote yameandikwa kwenye boksi

Yameandikwa, na boksi liko Kariakoo, Dar es Salaam. Anayeuliza kwa simu anauliza kwa sababu boksi haliko mbele yake; kumwambia asome boksi ni kumwambia anunue kwanza ndipo ajue kama alipaswa kununua. Na yale maelezo yanayowekwa chini ya picha ni haya: orijino kabisa, inadumu, kazi kazi, mzigo upo, njoo inboksi. Katika maneno hayo hakuna hata namba moja.

Na namba ndiyo inayotakiwa. Mtu wa Mikindani akiuliza kama mashine ya kuchomelea ya ampea 200 itafanya kazi kwenye umeme wa nyumbani, huambiwa inafanya, chomeka tu. Hebu tuhesabu, kwa kuwa hesabu haina ubaguzi. Soketi yetu ya meno matatu ya mraba ina kikomo cha ampea 13. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Mashine ikitoa ampea 200 kwa volti 28 hivi za cheche, inatoa wati 5,600, na ukijumlisha unaopotea kuwa joto ndani yake, inanyonya ukutani zaidi ya 6,000. Ni mara mbili ya kikomo. Kinachofuata, kwa mwenye bahati, ni fyuzi kukatika. Kwa asiye na bahati, aliyekwisha kuichoka fyuzi akaweka kipande cha waya mahali pake, ni plagi kuyeyuka na waya wa ukutani kuanza kunuka. Mjuzi angalimjibu kwa sentensi mbili: kwa soketi ya nyumbani tumia rodi nyembamba za geji 12 na usipandishe juu ya ampea 80, ukitaka zaidi, mwite fundi umeme akuvutie waya mnene wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu. Sentensi mbili tu, na mashine ingalinunuliwa vile vile. Wala ujuzi hapa hauzuii biashara. Unaibadili ikawa biashara ya mara ya pili na ya tatu.

Boksi, zaidi ya hayo, halijui ukuta wa mtu. Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, kuta ambazo ni laini, nzito na zenye kupumua. Hata Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililotengenezwa upya likawa hoteli, halikujengwa kwa zege. Mwenye nyumba ya namna hiyo akiomba drili ya kutobolea ukuta ili atundike rafu, hushauriwa achukue ile kubwa ya kugonga, "inatoboa hata zege boss". Ndiyo, inatoboa zege. Katika ukuta wa chokaa inateremsha lipu bapa kwa bapa mpaka yaonekane matumbawe yenyewe, na mwenye nyumba huenda kununua saruji kuziba, ambayo kwa ugumu wake na kwa kuzuia unyevu usitoke huuharibu ukuta kuliko ile drili. Mzee yeyote wa mtaani angalimwambia azime ule ugongaji, atumie keekee polepole. Lakini mzee huyo hana akaunti.

Hoja ya nne: kwamba kisichofaa hurudishwa

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Anayerudisha mashine hulipa nauli ya mzigo kwenda, akangoja, akapiga simu, akaambiwa anayehusika hayupo, kisha akalipa tena nauli ya kurudi. Na mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara kuu ya kusini huko Somanga, hakuna mzigo wala msafiri aliyepita kwa siku kadhaa. Haya ni ya jiografia, nami sitaki kukaa hapo sana.

Nataka kukaa kwenye sheria, kwa sababu hapa watetezi wa rai ile wamejifunga wenyewe kwa kamba yao. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, ina kanuni ya kale: mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, kwa namna inayoonyesha kwamba anautegemea ujuzi na uamuzi wa muuzaji, na bidhaa hiyo ikawa ni ya aina anayoiuza katika biashara yake, basi ni sharti lisiloandikwa la mapatano kwamba bidhaa hiyo itafaa kwa kazi hiyo. Yaani sheria inamdhania muuzaji wa zana kuwa ana ujuzi, na inambebesha dhima yake. Sasa wenye maduka ya simu na wachague. Ama muuzaji ana ujuzi, na basi neno "inafaa" ni ahadi inayomfunga. Ama hana, na basi asiliandike. Wanachokitaka wao ni cha tatu kisichokuwepo: waseme kama wajuzi wakati wa kupokea fedha, na wahesabiwe kama wachukuzi wa mizigo wakati wa malalamiko.

Na kwa kinaya cha dunia, fundi wa leo ana ushahidi ambao babu yake hakuwa nao. Maneno ya dukani yalipotea hewani. Haya ya simu yamebaki, yana tarehe na saa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imefungua mlango yapokewe mahakamani. Lakini nani atafungua kesi kwa ajili ya mashine ya shilingi laki moja na themanini, aache kazi siku tatu, alipe wakili? Hilo linajulikana vyema na wale walioweka ujumbe wao ujifute baada ya saa ishirini na nne.

Hoja ya tano: kwamba mashine itatuokoa

Kwa hoja hii sitatumia maneno mengi. Mwezi Februari 2024, huko British Columbia nchini Kanada, baraza la usuluhishi lilisikiliza shauri la abiria aliyefiwa na bibi yake, akaiuliza mashine ya mazungumzo ya shirika la ndege la Air Canada juu ya nauli ya waliofiwa, akapewa maelezo yaliyopingana na masharti ya shirika lenyewe, akayafuata, akanyimwa fedha zake. Shirika lilijitetea kwa hoja ambayo ningalidhani ni mzaha wa baraza la kahawa: kwamba mashine ile ni nafsi mbali, yenye kuwajibika kwa matendo yake yenyewe. Baraza lilikataa, likaliamuru shirika lilipe dola za Kanada 812. Hiyo ni kampuni kubwa, yenye masharti yaliyoandikwa na wanasheria, na swali lenyewe lilikuwa la tiketi. Anayetumaini kwamba mashine ya namna hiyo itamwambia kijana wa Mikindani aondoe mkono wake kwenye diski ya inchi tisa, na aniambie kwanza mashine hiyo itakuwa imefundishwa na mazungumzo ya nani, kama si haya haya ya ua jekundu na viganja viwili.

Hoja ya sita: kwamba ujuzi ni ghali

Nimeiweka hii mwisho kwa sababu ndiyo inayovaa joho la huruma. Wasema: mkilazimisha kila duka liwe na mjuzi, bei itapanda, na atakayeumia ni yule yule fundi mnyonge mnayemtetea.

Sisi wa kusini ni watu wa ajabu kama tutaikubali hoja hii, kwa kuwa tumeishi juu ya kaburi la jaribio kubwa kuliko yote la kununua zana bila ya kuuliza ajuaye. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Zilinunuliwa trekta zilizobaki vitani, nyingine zimekwisha kuchakaa. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Na zana zilizotumwa Kongwa zilikutana na udongo ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji na kuzisaga plau, na mizizi na magogo ya mibuyu isiyojua kitabu cha maelekezo. Wakubwa wa mradi hawakukosa fedha, hawakukosa haraka, wala sina shaka hawakukosa adabu ya maandishi. Walikosa kumsikiliza aliyewahi kuutia jembe udongo ule. Ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 36 za walipakodi wa Uingereza zilikuwa zimefutwa. Sisi tukabakiwa na bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954 na kuichukulia Mikindani biashara yake, na reli ya Nachingwea ambayo miaka ya 1960 iling'olewa kwa kukosa mzigo. Ujinga, basi, nao una bei yake; na huku kwetu tuliambiwa bei hiyo tangu wakati wa babu zetu.

Tena ni uongo kwamba ujuzi haupatikani. Mtwara pana chuo cha ufundi stadi cha VETA, na kila mwaka hutoka vijana waliofundishwa uchomeleaji, useremala, umeme na ufundi magari, wengi wao wakizunguka na vyeti vyao mfukoni wakitafuta kibarua. Mmoja wa hao, akikaa katika duka linalouza kwa simu zana za mamilioni kila mwezi, angalikuwa gharama ndogo kuliko matangazo ya kulipia ambayo duka hilo hilo halioni uchungu kuyalipia. Wala hatakiwi ajue kila kitu. Atakiwa aweze kuandika chini ya kila picha ya grenda ukubwa wa diski na mizunguko yake. Chini ya kila mashine ya kuchomelea, ampea inazovuta ukutani. Na chini ya kila zana ya umeme, kama kaboni zake zinapatikana, maana grenda isiyo na kaboni za kubadilishia ni ya matumizi ya msimu mmoja hata iwe ya jina gani. Na pale asipojua, aandike kwamba hajui na kwamba atauliza.

Mwenye duka ataniambia kwamba mshahara wa kijana huyo hauingii katika faida yake. Na anionyeshe hesabu, nami nitaisoma kwa makini. Ila katika upande wa gharama aandike pia plagi zilizoyeyuka, misumari iliyong'olewa katika mbao ikiwa nusu imeliwa, nauli za mizigo iliyorudi na ile iliyokataliwa kupokewa, lipu iliyoanguka, na arbuni ya geti ambayo mchomeleaji alilazimika kumrudishia mteja kwa kuwa kazi haikuisha kwa tarehe waliyopatana. Safu hiyo haijapata kuandikwa katika daftari lolote la duka la simu nililowahi kulisikia, na ndiyo maana zana zao zinaonekana rahisi.